Mbona Mnakata Pale Injini Inapozima?

Wasee, leo nina neno na nyinyi, na najua kuna wenye wataacha kunifuata kabla nifike katikati. Sawa tu, tutapatana mbele.

Kila mwaka kaskazi ikianza kuvuma, simu yangu inajaa Lamu. Klipu ya sekunde 15. Tanga jeupe, dafu mkononi, miguu inaning'inia majini, droni inapaa, jua linazama nyuma ya mikoko, na chini yake maneno ya mtu kusema ameacha kazi, anahamia baharini. Komenti zinamiminika: nipelekeni, nibebeni, hata mimi nimechoka na Nairobi. Na picha ni kali, siwezi kudanganya. Mimi ni mtoto wa Mombasa, bahari naiona kila siku, na bado nasimama kuziangalia.

Swali langu ni moja tu. Kwani chombo chenu hakiharibikangi?

Juu mtu yeyote aliyekaa siku tatu kwenye maji kati ya Lamu, Pate na Kiwayu anajua kuna kitu kitaharibika. Labda kamba, labda plagi, labda ile pampu ya kutoa maji. Chumvi inakula chuma usiku na mchana, jua linakula nyuzi za tanga, na mawimbi yanalegeza kila skrubu uliyodhani umeikaza. Wazungu wanaozunguka visiwa vya joto kwa mashua zao za matanga wana utani wao wa zamani, kwamba kusafiri baharini ni kutengeneza mashua yako sehemu zenye mandhari nzuri. Wanaucheka wakiusema, lakini mikono yao imejaa grisi.

Kwenye klipu zenu hiyo grisi haipo. Mnafika nyumbani, mnafungua programu ya kuhariri, na pale injini inapozima mnakata. Mnakata nahodha akiwa ameinama nyuma ya chombo kichwa chini. Mnakata yale masaa ya kungoja maji yajae. Mnabakisha jua. Mimi nasema huo ni uongo, na ni mkubwa kuliko ule wa filta ya kulainisha ngozi, kwa sababu hakuna aliyezama kwa sababu ya filta.

Wacha niwape niliyoyaona kwa macho. Mwaka jana tulikuwa mbogi ya watu wanne, tunaenda Kiwayu kwa mashua yenye tanga na injini ndogo ya nguvu za farasi 15. Tukaingia Mkanda, ule mkondo mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara. Mikoko huku, mikoko kule, na njia yenyewe inapitika vizuri maji yakiwa juu. Yakipwa, chombo kinakaa kwenye tope na nyinyi mnakaa nacho, na mbu wa mikoko hawana huruma. Siku hiyo maji yalikuwa yameshaanza kutoka.

Injini ikabadilisha sauti. Mimi sikusikia chochote. Nahodha alisikia. Akageuka, akatazama nyuma ya injini sekunde mbili, akaizima hapo hapo.

Iko hivi. Hizi injini zinapozwa na maji ya bahari yenyewe. Chini karibu na propela kuna tundu linalovuta maji, ndani kuna raba ndogo yenye mapezi, wanaiita impela, inayoyasukuma juu, na nyuma kuna katundu kanakotema maji muda wote injini ikiwaka. Mabaharia wanasema injini inakojoa, mnisamehe. Ikiacha kukojoa una dakika chache tu kabla haijajipika yenyewe. Ndiyo maana yule mzee alitazama nyuma kwanza, kabla ya kushika kitu chochote.

Akainua injini. Mfuko wa plastiki ulikuwa umejifunga pale kwenye tundu kama kilemba. (Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka wa 2017. Bahari haikupata hiyo barua.) Akautoa, akawasha, maji yakatoka ka mchuruziko kembamba, akazima tena. Akasema raba imekatika mapezi kwa kuzunguka kavu. Kutoka chini ya ubao akatoa kopo la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na plagi mbili zimefungwa kwa kitambaa chenye mafuta, pini za propela, waya mwembamba, na raba moja ya akiba.

Dakika 50 hivi. Alifungua ile sehemu ya chini ya injini, akiwa amelaza kifua juu ya ubao wa nyuma, na kila bolti iliyotoka aliitia mdomoni isianguke majini. Baharia wake, kijana wa rika letu, alikuwa amesimama na pondo, amelichomeka kwenye tope, anazuia mashua isisukumwe kwenye mizizi ya mikoko. Mzee alikuwa anamwambia polepole, "Shika papo hapo, mwanangu, usiiwate ilale." Hakuna aliyepiga kelele. Tukatoka Mkanda maji yakiwa yamebaki kidogo sana chini yetu, na tukafika Kiwayu giza limeingia.

Sasa, rafiki yangu mwenye kamera alikuwa amekaa mbele wakati huo wote. Kamera ilikuwa imezimwa. Nikamwuliza mbona hapigi. Akaniambia anahifadhi betri ya machweo.

Hiyo ndiyo hasira yangu yote. Pale mbele yake kulikuwa na dakika 50 za ujuzi ambao shule yetu haikutufundisha, kijana wa umri wetu anashikilia chombo cha watu sita kwa mti mmoja, na yeye anangoja jua. Jua linazama kila siku jamani. Hata Umoja linazama.

Na msidhani hiyo ni ajali ya mara moja. Ongea na nahodha yeyote pale gatini Lamu akuhesabie. Injini inazima katikati ya mkondo, mtu anavuta kamba ya kuwashia mpaka bega linauma, kumbe ile skrubu ndogo juu ya kifuniko cha tangi la petroli imefungwa. Hewa haiingii, petroli haitoki, basi. Unalegeza kwa vidole viwili na safari inaendelea. Nimeambiwa kuna watalii walishapiga simu hoteli kuomba wafuatwe kwa tatizo hilo. Ama petroli imeingia maji kwa sababu mtungi ulikaa wazi usiku wa mvua, na injini inakohoa kama mzee wa sigara. Ama propela imegonga mchanga na ile pini imekatika. Mtu asiyejua anadhani injini imekufa, kumbe pini imewekwa pale ikatike makusudi, ili gia zibaki salama. Shilingi chache za chuma zinaokoa injini ya pesa nyingi. Lakini kama huna pini nyingine ndani ya chombo, hizo gia salama zitakusaidia nini?

Upande wa matanga nako kuna mambo yake. Henza ikikatika, foromali inashuka na tanga zima linakufunika kichwani. Usukani ukitoka kwenye bawaba zake, unaongoza kwa kasia, ama unazunguka. Na chini ya yote hayo kuna ngama, pale maji yanapokusanyika. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na sisi tuliisoma kwa karatasi ya Insha tukapewa alama, bila mwalimu kutwambia kwamba ngama ni mahali kweli, kunanuka, na kuna mtu kazi yake ni kuinama pale na ndoo.

Ukikata hayo yote unabaki na nini? Unabaki na msichana wa Rongai na kijana wa Pipeline wanaodhani bahari ni mandhari. Wanachanga pesa, wanafika Kilifi, Watamu ama Lamu, wanachukua chombo cha bei rahisi kuliko vyote. Injini moja, tanga hakuna, pondo hakuna, jaketi okoaji tatu kwa watu wanane, na hizo tatu zimefungiwa chini ya kiti. Hawaulizi, kwa sababu kwenye klipu hakuna aliyeuliza. Injini ikizima nje ya mwamba, upande wa bahari kuu, upepo na mkondo ndio wanaoamua waende wapi.

Mtasema wataita msaada. Sawa. Kikosi cha Walinzi wa Pwani kipo tangu 2018, na kuna kituo cha kuratibu uokoaji baharini pale Mombasa, na redio ya baharini ina chaneli 16 ambayo dunia nzima inaitumia kwa dharura. Vizuri sana. Sasa niambieni chombo chenu kina redio? Simu yako itashika mtandao nyuma ya Kiwayu? Na kutoka Mombasa hadi kule ni zaidi ya kilomita 200. Mwokoaji wako wa kwanza ni yule aliye na wewe ndani ya chombo, na kopo lake la maziwa.

Kuna wenye watasema hayo ni ya mashua za kimaskini, kwamba ukiwa na doo na vifaa vya kisasa mambo ni mteremko. Aya. Twende Novemba 2014. Mbio za Volvo Ocean Race, matanga kuzunguka dunia, timu inaitwa Vestas Wind. Watu 9 ndani, mabaharia wa kulipwa, wa kiwango cha juu, wanatoka Cape Town kwenda Abu Dhabi. Setilaiti, kompyuta, ramani za kidijitali, kila kitu. Tarehe 29 usiku, wakienda kasi ya karibu kilomita 35 kwa saa, waligonga matumbawe ya Cargados Carajos, visiwa vidogo vya Mauritius humu humu kwetu Bahari ya Hindi. Matumbawe yenyewe yalikuwa kwenye ramani. Shida ni kwamba ramani ya kidijitali ukiitazama kwa mbali inaficha mambo madogo, na wao walipoitazama kwa mbali iliwaonyesha kina cha kama mita 40 na kuwapa moyo. Hawakuikuza vya kutosha. Usukani ukavunjika, chombo kikapigwa juu ya mwamba usiku kucha, na kabla ya alfajiri wakaondoka kwa boya zao za uokoaji. Wote 9 walitoka wazima, Mungu mkubwa.

Yaani hawakuzoom, wasee. Kosa ambalo wewe hufanyi ukimtafuta eks wako kwenye picha ya harusi.

Na nawapa heshima kwa kitu kimoja. Walisema waziwazi nini kilitokea. Ripoti ikaandikwa, mabaharia wengine wakajifunza, chombo chenyewe kikatolewa pale mwambani, kikajengwa upya Italia na kikarudi kwenye mbio mwaka uliofuata. Video ya ile ajali ipo, na hakuna aliyeikata, hata kama ilikuwa aibu ya dunia nzima.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko wote ni wa zamani, na ni kama uliandikwa kwa ajili yetu sisi watu wa kontenti. Mwaka wa 1968 gazeti moja la Uingereza liliandaa mashindano ya kuzunguka dunia kwa matanga, mtu mmoja peke yake, bila kusimama popote. Walioanza ni watu 9. Aliyemaliza ni mmoja, Robin Knox-Johnston, alikuwa na miaka 29 alipoondoka. Chombo chake kiliitwa Suhaili, futi 32 tu, mbao za msaji, kilijengwa Bombay. Jina hilo limetoka kwa mabaharia Waarabu, na watu wa pwani wataligundua haraka, kwa sababu Suheli ni nyota ya kusini ambayo manahodha wetu pia waliifuata.

Huyo jamaa kila kitu kilimharibikia. Akiwa bado kwenye maji ya joto ya Atlantiki, Suhaili ikaanza kuvuja chini kabisa, kwenye maungio karibu na mkuku. Alifanya nini? Alizamia mwenyewe, akijaribu kushindilia pamba kwenye nyufa akiwa ameziba pumzi. Pamba ikagoma kukaa. Akapanda juu, akashona pamba kwenye ukanda wa turubai, akaupaka lami, akashuka tena kuupigilia kwa misumari midogo ya shaba, halafu akafunika kwa bamba la shaba. Katikati ya kazi akaja papa, ikabidi apande ampige risasi ndipo aendelee. Baadaye maji yake ya kunywa yaliharibika, akaishi kwa mvua. Kifaa cha kujiongoza chenyewe kikavunjika kabisa. Redio ikafa, na kwa zaidi ya miezi minne dunia haikujua kama yuko hai. Alitia nanga Uingereza tarehe 22 Aprili 1969, siku ya 312.

Mashindano hayo hayo yalikuwa na Donald Crowhurst. Fundi wa elektroniki, mtu mwerevu, baba wa watoto wanne, chombo chake kilijaa vifaa vya kisasa ambavyo vingi havikuwa vimemaliziwa kufungwa. Aliondoka siku ya mwisho iliyoruhusiwa, kwa haraka, vipuri vingine vikabaki ufukweni, pamoja na bomba la kupampu maji. Chombo kikaanza kuvuja. Kuendelea ni kifo, kurudi ni kufilisika, maana alikuwa ameweka nyumba na biashara rehani. Basi akaanza kutuma taarifa za uongo. Yeye anazungukazunguka Atlantiki, lakini redioni anasema anakata mawimbi, tena siku moja alidai amekwenda maili 243. Magazeti yakashangilia. Alikuwa na daftari mbili, moja ya ukweli, nyingine ya watu. Tarehe 10 Julai 1969 meli ilikuta chombo chake kinaelea katikati ya Atlantiki hakina mtu. Daftari zilikuwa mezani.

Simcheki Crowhurst, na yeyote anayemcheka hajawahi kuwa na deni. Ninachosema ni kwamba alibanwa na kitu kile kile kinachotubana sisi: watu wanangoja habari nzuri, na wewe uko na ndoo unachota maji. Alikata pale injini inapozima, akabakisha maili. Knox-Johnston, aliyeshinda pia zile pauni 5,000 za zawadi ya kasi, alizitoa zote kwa mke na watoto wa Crowhurst. Mtu aliyejua vile kuvuja kunavyokaa ndiye aliyeelewa.

Sasa rudi Lamu na ile pamba. Nenda Matondoni, kijiji cha mafundi wa vyombo, mwendo mfupi tu kutoka mji wa Lamu. Utamkuta mtu amekaa chini ya jahazi lililopandishwa pwani, ana nyundo na patasi butu, anashindilia pamba kwenye maungio ya mbao, ubao mmoja baada ya mwingine. Inaitwa kalafati. Pamba inatiwa mafuta, ikiguswa na maji inavimba, na mbao nazo zinavimba, chombo kinajifunga. Ni kazi ile ile iliyomfanya Mwingereza aitwe shujaa na baadaye apewe cheo cha Sir. Fundi wetu anaitwa nani? Anaitwa "huyo mzee wa nyuma kwenye picha". Mara nyingi hata picha hiyo mnamfifisha ili sura yako ionekane vizuri.

Kijana mmoja wa huko aliniambia shuleni walikuwa wanatishwa na kazi hiyo: usiposoma utaishia kupiga kalafati. Wacha hiyo iingie. Mtoto anatishwa na ujuzi wa babu yake. Halafu sisi tunakuja na droni, tunapiga chombo kizuri, tunaondoka, na huyo mtoto akifungua simu anaona kwamba cha maana kwenye mashua ni mgeni aliyekaa mbele.

Wakati tunajua kabisa vile mambo yanaweza kuwa. Mwaka wa 2018 pale pale Lamu ilizinduliwa Flipflopi, dau la kama mita 9 lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa, ubavuni limepambwa kwa ndara karibu 30,000. Mapema 2019 likaenda kwa tanga hadi Zanzibar, kilomita 500. Dunia nzima ilipiga picha zile rangi. Lakini kaeni mfikirie: hakuna aliyewahi kuwapa mafundi ramani ya jinsi ubao wa plastiki unavyokatwa, unavyopindwa ama unavyoshika msumari. Ali Skanda na mafundi wenzake walilazimika kuigundua kazi wakiwa wanaifanya. Hiyo ndiyo stori. Ndara ni mapambo.

Najua majibu yenu, nimeshayasikia. La kwanza: hakuna mtu atatazama mzee anabadilisha raba. Uongo. Kuna Mwingereza anaitwa Leo Goolden, mwaka wa 2017 alinunua mashua mbovu iitwayo Tally Ho, ya mwaka wa 1910, imeoza kila mahali. Akaanza kuitengeneza na kupiga video za kazi yenyewe: kukata ubao, kuchoma chuma, kukosea, kurudia. Miaka na miaka, chombo hakijagusa maji, na watu wakamfuata kwa maelfu kwa maelfu, wakamtumia pesa, wengine wakasafiri kwenda kumsaidia bure. Ilirudi majini 2024. Watu walitazama mbao miaka saba hivi! Sisi tunasema hadhira yetu haiwezi kuvumilia dakika tatu. Hiyo ni dharau kwa hadhira. Vijana wa Kenya wanakesha wakitazama mtu akifungua simu iliyoanguka majini, watashindwa na injini?

La pili ndilo lina uzito, na siwezi kulipuuza. Aliniambia dada mmoja anayepangia wageni safari Shela: "Mdogo wangu, ukionyesha mashua imezima, wageni wataogopa, na hawa wazee watalala njaa." Nimelifikiria sana hilo. Lakini angalia anayeumia sasa hivi ni nani. Yule nahodha mwenye kopo la akiba, jaketi za kutosha na tanga zima anatoza zaidi kidogo, kwa sababu raba na plagi haziokotwi. Yule asiye na chochote anatoza kidogo. Kwenye klipu zenu wote wawili wanafanana, kwa sababu mmekata sehemu pekee inayowatofautisha. Kwa hivyo mgeni anachagua bei. Unamkuta msee wa simu ya laki moja anabishana na nahodha juu ya shilingi 500, na hizo 500 ndizo zingekuwa pini na plagi. Ukionyesha kuharibika na kutengenezwa, mzee wa kopo anapata sababu ya kulipwa. Mimi baada ya ile siku ya Mkanda sitapanda na mtu mwingine kwenda Kiwayu, na sio kwa sababu ya machweo.

Basi hii Desemba, kabla mruke ndani, muulizeni nahodha maswali, kwa adabu, ni mtu mzima, mwanze na shikamoo ama salamu alekum. Akionyeshe jaketi, ujaribu moja mwilini mwako, usiamini macho. Uliza kama injini ikizima tutatumia nini, na jibu liwe kitu unachoweza kukigusa: tanga, pondo, kasia. Uliza maji yanakupwa saa ngapi. Nahodha wa kweli halihitaji hilo jibu kwenye simu, na atafurahi kwamba mtoto wa bara ameuliza. Mwombe akuonyeshe akiba yake. Akiwa nayo utaona uso wake unavyobadilika, watu hawa hawaulizwagi kitu. Na akisema "twendeni tu, hakuna shida" bila kufungua hata kifuniko kimoja, mshukuru, shuka, tafuta mwingine. Injini ikiwaka, tazama nyuma kama inakojoa. Hiyo haihitaji digrii.

Na ikizima, wewe mwenye kamera, washa. Omba ruhusa kwanza, usimwingilie mtu mikononi, kaa upande ambao huzuii mwanga, na piga mpaka mwisho. Mwulize jina lake na uliandike vile anavyotaka liandikwe. Acha sauti ya bahari, muziki weka siku nyingine. Mkinipata na klipu kama hiyo, hata iwe ya dakika kumi na imetikisika, nitaisambaza kwa kila mtu aliye kwenye simu yangu, pamoja na mamangu.

Yule rafiki yangu nimeshamwambia anunue betri ya pili.